Kikohozi cha 'MaMoeketsi

Kikohozi cha 'MaMoeketsi kilikuwa kinafika nyumbani kabla yake mwenyewe. Jioni, baridi ikianza kushuka na mto, watu wa Ha Lephallo walikisikia kutoka kwenye kona ya zizi la chifu: vifupi viwili, kirefu kimoja, kisha kimya cha mtu anayetafuta pumzi. Moeketsi, mwanawe wa pekee, alipokuwa mdogo alikuwa akikisikia tu anainuka, anachochea moto wa samadi kavu na kuteleka sufuria ya ugali. Majirani walimtania mama yule kwamba hata akitaka kuiba kondoo hawezi, maana kifua chake kitamshtaki njiani.

Kifua hicho kililetwa na kazi. 'MaMoeketsi alikuwa fundi sanifu wa misitu na maliasili katika hifadhi ya Thaba-Moea, cheo kirefu kuliko mshahara, na kijijini hakuna aliyekuwa na muda wa kukitamka chote. Walimwita Mwalimu wa Majani. Alipima maji ya chemchemi, alikata miwati iliyovamia kingo za mto, alipanda mierebi kwenye makorongo yaliyokuwa yakila malisho, na mara moja moja alipandishwa hadi kwenye majabali kuangalia kama tai bado wanalalia mayai. Lakini majira ya baridi, nyasi zikishauawa na jalidi na kukauka hadi zinalia chini ya kiatu, kazi ilikuwa moja tu: kuchoma mikanda ya kuzuia moto. Unachoma ukanda wa nyasi kwa hiari yako wakati hali ni tulivu, ili Agosti, upepo ukileta moto wa wachungaji, moto huo ukute hakuna cha kula. Ni kazi ya kumeza moshi kutwa, na yeye aliimeza tangu Moeketsi akiwa mtoto wa mgongoni, baba yake akiwa bado hai.

Watu hudhani anayewasha moto mlimani ni jasiri. 'MaMoeketsi alikuwa mwoga, tena mwoga wa kupindukia. Aliogopa radi, aliogopa farasi, aliogopa mbwa wa watu, na moto aliuogopa kuliko vyote. Ndiyo maana mikanda yake haikuwahi kutoroka. Alikuwa hawashi kitu mpaka amezunguka mara kadhaa, amelowanisha nyasi pande zote mbili, ameuliza kila mtu kama yuko tayari, kisha ameuliza tena. Wanaume wa kikosi chake walimcheka kwa hilo, lakini hakuna aliyewahi kuungua hata ukope.

Mwaka huo Moeketsi alipelekwa jandoni. Baba yake mdogo, Ntate Lebina, alikuja asubuhi moja amevaa blanketi lake la sherehe, akasema kijana amekua, na asipokwenda sasa wenzake watamwita mtoto hadi aote mvi. 'MaMoeketsi alipika, akafunga mzigo, akanyamaza. Kwetu mama hana sauti katika jambo hilo. Haambiwi kambi iko wapi, haambiwi itakwisha lini, wala haulizi, na mwanaume anayemdokeza mwanamke habari za kambi huhesabiwa kuwa amejivua uanaume wake mwenyewe. Mwanamke akikuta njiani rundo la mawe lenye fimbo iliyosimikwa na kipande cha ngozi ya mbuzi kikining'inia, anageuza njia, hata kama mzigo ni mzito na mvua inakuja.

Kuna mambo mawili tu ambayo mama ameachiwa. La kwanza ni moshi. Siku ya mwisho kibanda cha jando huchomwa pamoja na kila kilichomo, na vijana huondoka bila kugeuka nyuma. Moshi ukionekana, akina mama hupiga vigelegele na kuanza kukanda udongo mwekundu ambao wanaume huja kuuchukua wakawapake wanao. La pili ni sahani. Kila kijana huondoka nyumbani na sahani yake ya kulia, na akifia mlimani, mama haambiwi. Ataamka siku ya wenzake kurudi, akute sahani imewekwa kizingitini, imepasuliwa.

'MaMoeketsi aliyajua hayo tangu utotoni, na hayakuwahi kumkosesha usingizi mpaka yalipomhusu.

Mkubwa kwa umri katika kikosi chake alikuwa Ntate Sekhobe, mtu mzima mwenye goti bovu na kofia ya majani asiyoivua hata mbele ya wakubwa. Asubuhi ile walikuwa mgongoni mwa mlima, juu ya korongo lenye vichaka vizito, mahali pa mwisho palipobaki bila mkanda. Nyasi zilikuwa zimewafika kiunoni. Moto wa Agosti ungepita hapo ungeshuka moja kwa moja hadi kwenye malisho ya kijiji.

"'M'e," Sekhobe alisema, maana kwetu mama huitwa 'M'e kama baba anavyoitwa Ntate, "upande huu wa korongo tuuache."

"Tuuache? Juzi tuliacha kwa sababu ya mazishi, jana tukaacha kwa sababu ya goti lako. Leo ni kwa sababu ya nini?"

"Upepo."

'MaMoeketsi aling'oa nyasi kavu, akazirusha juu. Zikaanguka kwenye viatu vyake. "Upepo uko wapi, Ntate? Umeuficha mfukoni?"

Wenzake wakacheka. Sekhobe alitazama chini, akawa anachokonoa ardhi kwa ncha ya fimbo. "Mimi nasema tu, 'M'e. Tuje siku nyingine."

"Nipe sababu, nami naacha sasa hivi, na kiberiti nakukabidhi ukae nacho."

Sekhobe alifungua mdomo, akaufunga. 'MaMoeketsi aliliona hilo, na akalisoma vibaya. Alijua kwa dada yake Sekhobe kuna pombe ya mtama iliyoiva, na alijua wanaume.

"Tukimaliza mapema utaikuta bado ina povu," alimwambia. "Haya, shika bomba lako la maji."

"Basi mimi nitakaa upande wa korongoni," Sekhobe akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa kesi.

Walilowanisha nyasi pande zote. Aliuliza kama wako tayari, akauliza tena. Kisha akainua mtungi wa moto, ule wenye mdomo mrefu unaodondosha mafuta yanayowaka, akatembea nao polepole mgongoni mwa mlima. Moto ulitii. Ulikula pale ulipoelekezwa, ukafika kwenye mstari wa maji, ukajifia. Alikohoa, akafuta macho, akaendelea. Hata hofu yake ya kila siku ilitulia kidogo, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

Jua lilipofika utosini alisimama kunyoosha mgongo, akatazama korongoni, akaona moshi usiokuwa wake. Ulikuwa mwembamba, wa buluu, unapanda kutoka katikati ya vichaka. Moshi wa kupikia. Moshi wa watu wengi wanaopikiwa mahali ambapo hakuna nyumba.

"Ntate Sekhobe," aliita. "Kule chini kuna nani?"

Sekhobe alivua kofia. Alisimama tu ameikumbatia kifuani, na kichwa chake cheupe kikaonekana kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. 'MaMoeketsi akaelewa yote kwa mkupuo.

"Uliniona nikiwasha," alisema. "Uliniona, ukaninyamazia."

"Ningesemaje, 'M'e? Mimi ni mwanaume. Na wewe ni mama wa mmoja wao."

Alitaka kumpiga, alitaka kukaa chini. Hakupata nafasi ya lolote kati ya hayo, kwa sababu upepo, ambao asubuhi haukuweza kubeba hata unyasi, ulikuja. Ulikuwa ule wa joto, unaotoka magharibi kutangulia theluji, na ulikuja bila kubisha hodi. Moto uliinama. Ukaruka mstari wa maji ukaangukia nyasi za upande wa korongoni, na zile nyasi zikaupokea kwa mlio ambao 'MaMoeketsi alikuwa ameuogopa maisha yake yote bila kuusikia. Wanaume wengine walikuwa ng'ambo ya pili ya moto. Aliwasikia wakipiga kelele, hakuwaona tena.

"Nenda kawatoe!" alimwambia Sekhobe. "Wewe unaruhusiwa. Nenda!"

"Na wewe?"

Aliangalia mteremko. Kati ya moto na korongo kulikuwa na njia ya kondoo iliyokata ubavu wa mlima. Kama angewasha moto mwingine kwenye njia ile, ukapanda kwenda kukutana na ule mkubwa, kingebaki kipande cheusi kisicho na cha kuungua, na watu wangeweza kusimama juu yake wakanusurika. Alikuwa ameyasomea hayo. Lakini mwanzoni mwa njia palikuwa na rundo la mawe, na fimbo, na kipande cha ngozi ya mbuzi.

"Pale hupiti, 'M'e," Sekhobe alisema. "Si mimi ninayekataza."

"Najua si wewe."

"Ukipita, jando limeharibika. Watu watasema hawa walitolewa na mwanamke. Watachekwa hadi wazeeke. Na wa kwanza ni mwanao."

"Ntate, wazeeke kwanza ndipo wachekwe! Kimbia na hilo goti lako!"

Sekhobe akakimbia, akichechemea, akipotea vichakani. 'MaMoeketsi alibaki mbele ya mawe. Miguu ilikataa. Hakuna aliyekuwa amemshika, hakuna aliyekuwa akimtazama, na bado miguu ilikataa kama iliyosimikwa pamoja na ile fimbo. Alifikiria mama yake, na bibi yake, na wanawake wote waliowahi kugeuza njia hapa wakiwa na kuni kichwani. Kisha cheche ikamwangukia shingoni. Akafumba macho, akapita.

Aliwasha. Mafuta yanayowaka yakamdondokea kiatuni, akakizima kwa kukikanyaga na kingine, akaendelea. Moto wake mdogo ulisita, ukajivuta, kisha ule mkubwa ukaanza kuuvuta kwake, na hiyo miwili ikaenda kukutana huko juu kwa kishindo kilichotikisa mawe. Nyuma yake pakabaki peusi, panafuka moshi, pa moto chini ya soli, lakini pamekufa. Angeweza kushukuru. Lakini kabla hajashukuru aliona makaa yakipaa juu ya kichwa chake, yakienda kutua korongoni. Moshi mweusi ukapanda kutoka kwenye vichaka. Kibanda kilikuwa kimeshika.

Alisikia sauti za wanaume chini, na jiwe linaloporomoka, na sauti zikapanda. Hapo alitambua jambo ambalo hakulifikiria. Mahali pekee pa kukimbilia palikuwa ni pale alipokuwa amesimama. Walikuwa wanakuja kwake.

Na yeye hakuwa na pa kwenda. Kulia moto, kushoto moto. Alivuta blanketi lake likamfunika kichwa chote, akachuchumaa akielekea mwamba, akajikunja hadi paji la uso likagusa jiwe. Asiwaone. Angalau asiwaone. Hilo ndilo jambo pekee alilokuwa bado na uwezo wa kuwafanyia.

Walipita nyuma yake. Nyayo tupu kwenye majivu, nyingi, za haraka, pumzi za vijana wanaokaza meno wasilie. Hawakuimba, hawakusema. Mtu mzima alikuwa akirudiarudia kwa sauti ya chini, "Usisimame, usigeuke. Usisimame, usigeuke." 'MaMoeketsi alisikiliza kila wayo akijaribu kuujua. Unaosha miguu ya mtoto miaka yote hiyo, unadhani utaijua popote, kumbe majivu yanaifanya yote kuwa sawa.

Kifua kikaanza. Alikisikia kikohozi kikija kutoka chini kabisa, akauma blanketi, akajibana mbavu kwa mikono yote miwili, akamwomba Mungu na akawaomba wazee wa ukoo. Hakikusikia dini wala ukoo. Alikohoa. Vifupi viwili, kirefu kimoja.

Nyuma yake wayo mmoja ukasimama.

"Tembea!" mtu mzima alinguruma. "Nimesema usisimame!"

Ukafuata mlio mdogo, wa kitu kibichi kikigusa moto, na mguno uliokatwa katikati. Mtu alikuwa ametoka njiani, amekanyaga pasipokuwa pamezimika. Kisha minong'ono, kisha hatua mpya, nzito, za wanaume wawili waliobeba mzigo. Zikapita. Zikaisha.

Alikaa chini ya blanketi hadi Sekhobe alipomgusa bega kwa fimbo.

"Wametoka," alisema.

"Wote?"

"'M'e, usiniulize."

"Kuna aliyebebwa. Nimesikia."

"Usiniulize."

"Ntate, niambie tu kama anapumua."

Sekhobe alivaa kofia yake, akaivuta chini hadi machoni. "Twende tukazime moto," alisema.

Waliporudi kijijini vigelegele viliwapokea kutoka mbali. Akina mama wa Ha Lephallo walikuwa wameona moshi korongoni, na moshi korongoni kwao ulikuwa na maana moja. 'MaLikeleli, jirani yake wa ukuta kwa ukuta ambaye mwanawe pia alikuwa mlimani, alimrukia shingoni.

"Mwalimu wa Majani! Umeuona? Wanarudi! Mbona umeganda? Piga kelele, mama, mwanao ni mwanaume!"

'MaMoeketsi akapiga kigelegele. Kilimtoka chembamba, chenye moshi ndani yake, na wanawake wakacheka wakasema amezidiwa na furaha. Udongo mwekundu ukakandwa. Pombe ikachachushwa. Mablanketi mapya yakaanikwa ukutani.

Vijana hawakuja. Hawakuja kesho yake, wala wiki ile. Wanaume wakiulizwa walisema "bado", wakatazama pembeni. Kambi ilikuwa imehamishiwa kwingine, hilo wanawake wangeweza kulikisia, lakini kwa nini, hawakukisia, na pombe ikachachuka ikamwagwa.

"Sasa ule ulikuwa moshi gani?" 'MaLikeleli aliuliza kisimani. Kisha akamgeukia jirani yake akicheka. "Au ulikuwa wako, Mwalimu? Umetupigisha vigelegele bure?"

'MaMoeketsi alicheka naye. Ndoo ilimponyoka.

Ofisini alisema ni upepo. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma. Kijijini hakusema kitu. Angemwambia nani? Akikiri kwamba alipita kwenye mawe, basi amewavua wale vijana wote kile walichokiendea, na kama Moeketsi yu hai, atarudi awe mtu wa kunyooshewa kidole. Asipokiri, anabaki peke yake na zile hatua nzito za wanaume wawili. Alizisikia akikamua mbuzi, alizisikia kanisani. Mtu gani angesimama kwa kikohozi chake, kama si yule aliyekulia akikisubiri? Akijiambia hivyo alipata matumaini kwamba aliyesimama ni mwanawe, na papo hapo akakumbuka kilichompata aliyesimama. Kila alipojifariji alijichoma.

Akaanza kukimeza kikohozi. Alikunywa maji ya moto, aliziba mdomo kwa blanketi, alikwenda nyuma ya zizi akajibana hadi machozi yakamtoka. Aliogopa kwamba mwanaume fulani atakisikia na kukitambua. Alirudi nyumbani jioni kimyakimya, na watu wakashtuka kumkuta mlangoni.

"Kifua kimepona?" 'MaLikeleli alimuuliza. "Umekunywa nini, nikamnyweshe na mume wangu? Anakoroma hadi kuku wanahama."

Na kila asubuhi, kabla hajafungua mlango, alisimama ameshika komeo. Siku ya kurudi ilikuwa bado, aliijua vizuri desturi. Hata hivyo alifungua polepole, akitazama chini, akatafuta sahani.

Kazini yeye na Sekhobe walifanya kazi bila utani. Siku moja tu, wakikata miwati, mzee aliweka panga chini.

"'M'e, siku ile niliposema upepo..."

"Ungesema chochote. Ungesema umeona nyoka. Ningeondoka mlimani siku hiyohiyo, unanijua."

Sekhobe aliliokota panga, akaliweka tena chini. "Nyoka sikumfikiria," alisema, na sauti yake ikavunjika. 'MaMoeketsi aliona kwamba mzee huyu naye halali, na hilo halikumsaidia, lakini alimsogezea maji yake ya kunywa.

Siku yenyewe ilikuja bila moshi. Ntate Lebina alipita jioni akigonga milango kwa fimbo, akisema kesho. Alipofika kwa 'MaMoeketsi aligonga, akasema, akaondoka haraka mno. Au 'MaMoeketsi alidhani ni haraka. Alikuwa amefika mahali ambapo hata mwendo wa mtu ulimtisha.

Alfajiri alisimama nyuma ya mlango. Aliwasikia majirani wakifungua yao, akamsikia 'MaLikeleli akicheka kwa sauti, ile ya mtu aliyekuta kizingiti kitupu. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo na haukusogea. Alijisemea kwamba asipofungua, sahani haipo. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wa chifu wakaanza kutoka, ndipo akafungua kwa mkupuo mmoja akiwa amefumba macho, na ilimbidi ayafumbue mwenyewe.

Kulikuwa na jalidi kizingitini, na nyayo za kuku.

Hakuamini. Labda aliyepaswa kuileta amechelewa. Labda aliona aibu. Alikwenda uwanjani pamoja na wengine amebeba blanketi jipya, na blanketi lilikuwa zito kuliko maji.

Walikuja kwa mstari, wamepakwa wekundu kutoka kichwani hadi miguuni, vichwa chini, macho yamefichwa. Kwa wekundu ule mama hamjui mwanawe. Wote walikuwa warefu kuliko walivyoondoka, wote wembamba. Wa mwisho alikuwa akichechemea, ameegemea fimbo, mguu wake wa kushoto umefungwa ngozi. Wanaume walikaa upande mmoja na mwalimu wa jando mbele yao, mzee mkavu asiyecheka. Nyuma yake Sekhobe, kofia kichwani.

Mmoja mmoja walisimama, wakasema jina jipya na kujisifu kwa maneno waliyojitungia mlimani, kama ilivyo desturi. Kila aliposimama mmoja, mama mmoja alimtambua kwa sauti, akapiga kelele, akakimbia kumtupia blanketi. Mwana wa 'MaLikeleli alijisifu kwamba ni chui, watu wakacheka maana hata mbuzi humkimbiza. Uwanja ulikuwa na furaha. 'MaMoeketsi alikuwa amekaza blanketi kifuani, akisubiri, na sauti zilikuwa zinakwisha, na hakuna iliyokuwa yake.

Akabaki yule wa fimbo. Alisimama kwa shida. Hakuinua uso.

"Mimi ni Lelakabe," alisema, "mwali wa moto.
Moto ulikula nyumba yetu, sisi ukatutema.
Niliambiwa: usigeuke, usisimame.
Sikugeuka, enyi wanaume, mliniona.
Lakini nilisimama.
Mlima ulikohoa, nami nikasimama.
Mwauliza mguu wangu umepatwa na nini?
Ulizeni ni mlima gani unaokohoa, watu wa Ha Lephallo.
Ni ule uliokuwa ukirudi jioni,
nikauwekea sufuria."

Wanawake walipiga vigelegele kwa sababu ni maneno mazuri, bila kujua yanasema nini. Upande wa wanaume ulikuwa kimya. Ulikuwa kimya kiasi kwamba vigelegele navyo vilianza kufifia, na watu wakaanza kutazamana. 'MaMoeketsi aliiona shingo ya mwanawe, jinsi ilivyokaza, na akajua kwamba kijana naye anaogopa. Mwalimu wa jando alimtazama Lelakabe, akamtazama sana. Kisha akatazama chini, kwenye mikono yake mwenyewe, na hakusema neno la kukana.

Sekhobe akavua kofia.

"Sikiliza, Lelakabe!" alipaza sauti. "Sikiliza mlima wako!"

'MaMoeketsi alikuwa tayari yuko katikati ya uwanja, blanketi limefunguka mikononi, hajui alivyofika. Alijitahidi. Aliziba mdomo kwa ncha ya lile blanketi jipya, akajibana mbavu, akashindwa. Akakohoa mbele ya kijiji kizima, vifupi viwili, kirefu kimoja, na mwanawe akainua uso.